Vipima Muda Elfu Tatu Mia Nne na Kimoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya amepata udhuru wa ghafla na kwa bahati nzuri kwenu amenituma mimi nimwakilishe, na kwa maana hiyo Mheshimiwa Mgeni Rasmi ni mimi, na salamu hizo nimezipokea. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Ndugu Mwalimu Mkuu. Ndugu msaidizi wa Mwalimu Mkuu. Ndugu Mwalimu wa Fizikia, uliyesimama pale pembeni kama mtu anayedaiwa maelezo. Wajumbe wa kamati ya maandalizi, kamati ndogo ya maandalizi, na kamati ya kusimamia kamati hizo mbili. Maofisa wangu wawili wenye fulana mpya za mradi. Wazazi mliojaa madirishani kwa kuwa humu ndani ya maabara nafasi imechukuliwa na spika. Wanafunzi wapendwa arobaini na mmoja wa darasa la mtihani. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa.

(Makofi. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama mmoja dirishani anashtuka na kuangua kilio.)

Usimnyamazishe, mama, mwache alie. Huyo ni mdau wetu wa miaka ijayo, anatoa maoni.

Kwa wale wasionifahamu, na sidhani kama wapo, mimi ndiye Mratibu Mwandamizi wa Mpango Kabambe wa Mageuzi ya Kidijitali katika Upimaji wa Mwendo Mashuleni, cheo ambacho hakikuwepo mpaka nilipokipendekeza mimi mwenyewe, na baada ya kukipendekeza wakatafuta mtu wa kukifaa, wakatafuta, wakatafuta, wakaishia kwangu. Nimehudhuria semina kumi na moja kuhusu sekunde. Semina ya mwisho ilichukua siku tisa. Nimezungumza mbele ya wataalamu kuhusu milisekunde, kitu kidogo ambacho ukipiga chafya tu zimeshapita mia kadhaa, na wataalamu wale waliniambia kwa midomo yao kwamba hawajawahi kusikia mtu akiizungumzia milisekunde kwa saa nne mfululizo. Na leo hapa kwenu ni shule ya kumi na nane kuzinduliwa na mkono huu huu. Kumi na nane! Si mchezo, ndugu zangu.

(Makofi. Mzazi mmoja, mzee mwenye kofia ya plastiki ya kazini, anamuuliza jirani yake: "Anazindua nini kwani?" Jirani anamwambia asubiri, ndiyo kwanza asubuhi.)

Ndugu wananchi, kabla hatujaupima mwendo ni lazima tujiulize kimkakati, mwendo ni nini? Wengi wanakurupuka kusema ni kwenda. Hapana. Kwa mujibu wa tafsiri tuliyoipitisha kwenye warsha, mwendo ni hali ya kitu kilichokuwa mahali fulani kutokuwepo tena mahali hapo.

("Kama kile kipima muda chetu," inasema sauti karibu na kabati. Ni fundi wa maabara, mama wa makamo mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Wanafunzi humwita Mama Nukta, kwa jinsi asivyopokea jibu lisilo na nukta na tarakimu zake. Wanafunzi wa nyuma wanaziba midomo kwa daftari.)

Nimesikia kicheko, nimekipokea, tunasonga mbele. Mimi si mtu wa maneno mengi. Mimi ni mtu wa utekelezaji, na ili msije mkasema huyu ni walewale, nianze na jambo ambalo limeshatekelezwa na kila mwenye macho analiona. Juzi timu yangu ya utangulizi ilipofika hapa kukagua mazingira, ilikuta jambo la kusikitisha sana. Ilikuta bomba la sinki hili hapa, ndani ya maabara ya sayansi, likidondosha maji. Tone, tone, tone, kutwa nzima! Nikapigiwa simu nikiwa kikaoni. Nikatoka nje ya kikao, jambo ambalo huwa silifanyi kabla ya chai, nikaagiza kwamba bomba hilo lizibwe kabla jua halijazama. Likazibwa. Nendeni mkaliguse. Halitoi hata jasho!

(Badala ya makofi, mguno mrefu. Mwanafunzi mmoja anasema, "Ndo hivyo tena." Mwalimu wa Fizikia anashika kichwa kwa mikono miwili.)

Sasa huu mguno ni wa nini? Mwalimu, mbona umeshika kichwa kama umefiwa? Sema. Hiki ni kikao shirikishi, mtu anasema lililo moyoni, mradi awe mfupi.

("Mheshimiwa," anasema Mwalimu wa Fizikia, "tangu kipima muda chetu kichukuliwe miaka mitatu iliyopita, lile bomba ndiyo ilikuwa saa yetu. Mama Nukta alilitegesha kwa spana wiki nzima mpaka likawa linatoa matone tisini kwa dakika, halizidi, halipungui. Tunaachia kitoroli juu ya ubao ulioinama, watoto wanahesabu matone mpaka kifike chini. Sasa hatuna saa, hatuna na bomba.")

Wazazi, mmemsikia mwenyewe. Katika zama hizi za dijitali nimewakuta watoto wenu wanapima mwendo kwa bomba bovu, nimewaondolea aibu hiyo bure, bila hata kuombwa, na badala ya kushukuriwa naonyeshwa mtu ameshika kichwa. Kweli shukrani ya punda ni mateke. Simsemi mtu.

(Mama Nukta anaikunja mikono ya koti lake, taratibu, mmoja baada ya mwingine.)

Tatizo la tone, ndugu zangu, ni kwamba halina tarakimu. Ukimuuliza mtoto kitoroli kimechukua muda gani, anakwambia matone matatu. Matone matatu ni jibu hilo? Hiyo ni dawa ya macho! Ndiyo maana ofisi yangu, kwa kuona mbali, imetoa Waraka Namba Saba wenye viambatisho vitano, unaoelekeza kwamba kuanzia mtihani wa vitendo wa Jumatatu hii inayokuja, jibu lolote la muda ambalo halikupimwa kwa kipima muda cha dijitali na halina tarakimu mbili baada ya nukta litapewa sifuri. Sifuri ile ya mviringo kabisa. Tumefikia uamuzi huo kisayansi, kwa sababu taarifa ya utekelezaji, iliyoandikwa na mimi, ikahakikiwa na mimi, na kupongezwa na mimi, inaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya shule zetu zimekwisha kupokea vipima muda.

("Mia na nne?" anauliza mzee mwenye kofia ya plastiki.)

Mia na nne, mzee wangu. Ile nne ni ya akiba.

("Na shule ambayo haijapokea je?")

Shule ambayo haijapokea haimo kwenye takwimu, na asiyekuwemo kwenye takwimu kitakwimu hawezi kufeli. Tuelewane hapo.

("Kwenye karatasi ya matokeo tutafeli," anasema msichana wa mstari wa mbele, mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni. Yule mama mwenye mtoto mgongoni anapaza sauti kutoka dirishani: "Mheshimiwa, huyo ni mwanangu. Chuo cha ufundi kinataka alama ya vitendo. Dada yake aliipata, leo anatengeneza mashine za hospitali. Huyu akipewa sifuri Jumatatu, chuo hawamchukui, na hakuna mwaka mwingine. Jumatatu ni keshokutwa, baba!")

Mama, punguza jazba. Nimekuja. Daktari akishaingia wodini mgonjwa haendelei kupiga kelele. Mageuzi yanakuja na kasi yake, na leo yamekuja kwa gari, yako nje. Maofisa! Leteni kifaa.

(Maofisa wawili wanatoka, wanarudi kwa taabu na kasha kubwa la jokofu. Wanalifungua. Ndani mna kasha la viatu. Ndani ya kasha la viatu mna taulo. Ndani ya taulo mna kipima muda kimoja, chenye tarakimu nyekundu, na nyaya zinazokwenda kwenye vijiti viwili vyenye jicho la taa. Vigelegele. Kisha vigelegele vinakatika, maana watu wanaendelea kuchungulia ndani ya kasha.)

Msichungulie, hakuna kingine. Mradi wetu ni wa vipima muda elfu tatu mia nne. Hivyo vipo, viko njiani, viko katika ngazi ya uchakataji. Hiki ni cha mfano, yaani ni kimoja juu ya vile elfu tatu mia nne, na mtu mwenye imani akikiona kimoja anakuwa ameviona vyote.

("Mimi imani ninayo," anasema mzee, "ila watoto ni arobaini na mmoja.")

Ngoja nieleze jinsi kinavyofanya kazi, kwa lugha nyepesi, maana najua elimu hazilingani. Kijiti cha kwanza tunakiweka juu ya ubao, cha pili tunakiweka chini. Kitoroli kikipita kwenye jicho la kwanza kinakata mwanga, saa inaanza. Kikipita kwenye jicho la pili kinakata mwanga, saa inasimama. Hakuna mkono wa mtu hapo. Mkono wa mtu una uvivu, una woga, una upendeleo, mara umebonyeza mapema, mara umechelewa, mara umeongeza kidogo kumfurahisha mkubwa. Mashine haimwogopi mtu, ndugu zangu. Mashine inasema kilichotokea, basi. Ndiyo maana naipenda mashine.

(Makofi ya kweli kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa Fizikia anasogea kupanga vijiti.)

Sasa natangaza kuwa upimaji wa mwendo kwa njia ya dijitali katika shule hii umezinduliwa ra-smi! Mpiga picha, uko tayari? Nasukuma.

("Mheshimiwa, huwa hatusukumi," anasema Mwalimu wa Fizikia kwa sauti ya chini. "Unakiachia tu, kiteremke chenyewe. Ukisukuma, namba haina maana.")

Mwalimu, kiongozi haachii mambo yateremke yenyewe. Kiongozi anasukuma gurudumu la maendeleo. Moja, mbili, tatu!

(Kitoroli kinaruka, kinamaliza ubao, kinagonga ndoo ya mchanga. Tarakimu nyekundu zinasimama: 0.61. Vifijo. Mratibu anapunga mkono pande zote nne, pamoja na upande wa ukuta.)

Sifuri nukta sita moja! Tarakimu mbili baada ya nukta, mnaziona! Bomba gani lingewapa hiyo? Sasa nataka picha ya kumbukumbu na mwanafunzi, tuonyeshe ujumuishi. Wewe binti mwenye miwani, uliyesema utafeli, njoo hapa. Usiogope. Najua hujawahi kugusa kitu kama hiki. Bonyeza kitufe chochote, utabasamu.

(Msichana anafika mezani. Anavitazama vitufe kama mtu aliyekutana na mtu aliyemjua kwa picha tu. "Mama Nukta alituchorea kwenye boksi," anasema. "Cha tatu kutoka kushoto ni kumbukumbu. Kinaonyesha vipimo vilivyotangulia." Anakibonyeza. Tarakimu zinabadilika.)

Vizuri sana. Tabasamu basi, mbona unasoma?

("0.59," anasoma msichana. Anabonyeza tena. "0.64. 0.60. 0.58." Darasa linaanza kuhesabu naye kwa sauti, kama walivyozoea kuhesabu matone. "Tano! Sita! Saba!" Wazazi wanadakia. "Kumi na tano! Kumi na sita! Kumi na saba!" Msichana anainua kichwa: "Zote ziko chini ya sekunde moja, mheshimiwa. Hapa kwetu kitoroli kikiachiwa kinachukua karibu sekunde mbili. Hizi zote kuna mtu alisukuma.")

Hayo, binti yangu, ni majaribio ya kiwandani. Ni taratibu za kawaida za udhibiti wa ubora.

("Kiwandani nako wanasukuma gurudumu la maendeleo?" anauliza mwanafunzi wa nyuma. Kicheko kinaangusha chupa moja tupu kwenye rafu. Mzee mwenye kofia ya plastiki ananyoosha vidole, anahesabu peke yake, kisha anasema: "Kumi na saba kwenye mashine. Na leo ukasema hapa ni shule ya kumi na nane. Kumbe jamani ni hikihiki kimoja kinazungushwa!")

Mzee, nakuheshimu kwa mvi zako, lakini neno kuzungushwa si neno la kitaalamu. Sisi tunasema rasilimali jongefu. Kifaa kikikaa shule moja, wananufaika watoto arobaini na mmoja. Kikitembea, wananufaika watoto wa shule kumi na nane, kila mmoja kwa dakika sita. Pigeni hesabu hiyo, mtaona kwamba kutokuwa na kitu, kama kutaratibiwa vizuri, ni faida kubwa kuliko kuwa nacho. Hilo nililiwasilisha kwenye kongamano na watu walisimama.

("Walisimama au walitoka?" anauliza Mama Nukta.)

Mama, wewe wa koti, nimekuvumilia tangu asubuhi. Nani amekupa kipaza sauti? Huna kipaza sauti! Basi usisikike!

(Msichana bado anabonyeza. "Zinaendelea," anasema. "Baada ya kumi na saba kuna nyingine." Sauti yake imebadilika. "1.84. 1.86. 1.85." Anasita. Anachomoa kwapani daftari kuukuu lililofunikwa kwa gazeti, anapekua haraka mpaka anakosea kurasa, anarudi nyuma, anaweka kidole.)

Binti, picha imeshapigwa. Rudi mahali pako.

("Hizi ni namba za dada," anasema msichana. "Hili ni daftari lake, ndilo ninalosomea. Jaribio la mwisho alilofanya kabla ya mtihani wake, ukilisoma kutoka chini kwenda juu. Moja nukta nane nne. Moja nukta nane sita. Moja nukta nane tano. Mama! Ni za dada!" Mama yake dirishani anajifuta macho kwa ncha ya kanga, mtoto mgongoni anayumba. "Soma tena, mwanangu," anasema. "Soma kwa nguvu wasikie." Msichana anasoma tena, safari hii kutoka kwenye daftari, huku Mwalimu wa Fizikia akisoma kutoka kwenye mashine, na kila namba wanaitamka pamoja.)

Zinaweza kuwa zimefanana. Dunia hii watu wanafanana, sembuse namba.

("Hazikufanana, ni zenyewe," anasema Mama Nukta, na sasa amefika katikati ya chumba. "Mimi nilikuwepo. Yule binti alimaliza jaribio saa nane, saa tisa wakaja watu wa ofisi yako na karatasi. Nikawauliza, mnakipeleka wapi? Wakasema kinakwenda kwenye uhakiki. Kinarudi lini? Wakasema mtajulishwa kwa maandishi. Nikakifuta vumbi nikawafungia vizuri kwa taulo. Taulo hilo hapo, la kwangu, lina ua la bluu. Miaka mitatu, mheshimiwa. Nimekuja ofisini kwako mara ngapi? Bawabu wako mpaka akaanza kuniita dada. Nilikaa hapa nikasikiliza tone kwa tone usiku na mchana, ili watoto wa watu wasitoke hapa mikono mitupu, na hilo tone nalo mkalifunga!" Hapigi kelele. Analichukua taulo lake kutoka mezani.)

Nadhani... Ndugu Mwenyekiti, nadhani muda wetu unatutupa mkono. Nilikuwa na kurasa kumi na nne zaidi, zikiwemo grafu, lakini nitaruka mpaka mwisho. Ndugu zangu, mambo ya kihistoria tuwaachie wanahistoria. Kwa nini tuchimbue ya miaka mitatu wakati mimi nimekuja kuwapa ya miaka thelathini ijayo? Naahidi, na waandishi waandike, kwamba itaundwa tume. Tume itatoa ripoti ya awali. Kuhusu hilo la Jumatatu, mtihani utaendelea kama ulivyopangwa na waraka utabaki kama ulivyotolewa, kwa sababu waraka ukishagongwa muhuri hata aliyeugonga hawezi kuuzuia, na niseme ukweli wangu, kwa upande huo na mimi naumia. Watahiniwa wajitahidi kukadiria.

("Kukadiria tarakimu mbili?" anauliza Mwalimu wa Fizikia.)

Sasa tusimame wote kwa kaulimbiu, tuondoke na ari. Mimi nikisema "Mwendo!", ninyi mseme "Kidijitali!" Nafumba macho, nataka niisikie ikitoka moyoni. Mwendo!

(Mratibu amefumba macho, ngumi iko hewani. Mama Nukta anapita karibu na meza akifuta vumbi kwa taulo lenye ua la bluu, msichana mwenye miwani nyuma yake.)

Mwendo!

("Wa bomba!" inasema sauti moja kutoka dirishani. Maabara nzima inacheka, maofisa wenye fulana nao wakigeukia ukutani ili wasionekane.)

Mwendo! Basi, inatosha, nimeisikia kwa mbali. Na sekunde!

("Ni mali!" wanaitikia wanafunzi, kwa kuwa hilo Mama Nukta huwaambia kila siku.)

Safi sana! Hiyo sikuiandika lakini naichukua. Sasa shukrani, maana muungwana haondoki bila kushukuru. Nawashukuru wenye spika. Naishukuru kamati, kamati ndogo na ile nyingine. Namshukuru Mgeni Rasmi, yaani mimi, kwa kukubali kuja licha ya majukumu mazito. Na kwa namna ya pekee kabisa, na ninalisema hili kutoka sakafu ya moyo wangu kwa sababu sasa mmeshajua, naishukuru shule hii, ambayo ndiyo mama wa mradi wetu. Miaka mitatu iliyopita nilikuja hapa kukagua vyoo, nikapotea njia, nikaingia humu, nikakiona kifaa hiki mezani kinawaka tarakimu nyekundu, nikasema moyoni, naam, hapa pana mradi. Bila ninyi kukiachia, shule kumi na saba zisingezinduliwa, waraka usingeandikwa, mimi nisingekuwa na cheo. Na wale wanaonong'ona kuhusu vile elfu tatu mia nne, nawaomba wawe na ubinadamu. Havijawahi kuagizwa. Tungeviagiza lini? Kila tulipotaka kukaa tuviagize, ilikuwa ni siku ya uzinduzi. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na kazi iendelee kwa mwendo huuhuu!

(Wazazi wanaanza kuondoka madirishani, mmoja mmoja.)

Maofisa, fungeni kasha haraka, shule ya kumi na tisa inatusubiri saa tano na wameshapanga gwaride. Nini? Hakipo vipi? Kilikuwa hapa mezani! Inueni kasha. Tazameni chini ya ubao. Ndugu Mwalimu Mkuu, kifaa cha mradi kiko wapi?

(Mwalimu Mkuu anaangalia dari, kwa makini, kama ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Mama Nukta amesimama mbele ya mlango wa chumba cha ndani cha kuhifadhia vifaa, ufunguo umo mfukoni mwa koti, mkono umo mfukoni juu ya ufunguo. "Kiko kwenye uhakiki, mheshimiwa," anasema.)

Uhakiki? Uhakiki wa nani?

("Wetu. Tunahakiki kama ni chetu.")

Utakamilika lini?

("Mtajulishwa kwa maandishi.")

Mama, unanichezea! Mimi nitakuandikia... nitaiandikia bodi... Mwenyekiti, mbona na wewe unacheka? Nifungulieni mlango huo mara moja!

(Wazazi wametoka madirishani na kuingia ndani, si kwa fujo, wameingia tu, na nafasi kati ya Mratibu na mlango imejaa watu. Nyuma ya mlango kinasikika kitoroli cha akiba kikiteremka peke yake juu ya ubao mwingine, taratibu, bila kusukumwa. Halafu sauti ya msichana: "Moja nukta nane tano! Anayefuata!" Upande huu wa mlango wanafunzi arobaini wanajipanga mstari bila kuambiwa. Mama wa msichana anamshusha mtoto mgongoni, anambeba juu ili naye asikie. Dereva wa Mratibu, ambaye hajazima injini tangu asubuhi, anaingia na kumnong'oneza bosi wake, lakini kipaza sauti bado kinafanya kazi: "Bosi, sasa huko tunakokwenda tutazindua nini?")

Wapigie simu. Waulize kama wana bomba linalovuja.